Mbegu ya Kibuyuni ni Mali ya Nani?

Mvua zinapokaribia, majirani huanza kubisha hodi asubuhi. Huyu aomba mbegu za maboga, yule kunde, mwingine mtama. Tangu zamani ombi hilo halikumwaibisha mtu. Lakini siku hizi twasikia jibu jingine: "Mbegu ni fedha; kila mtu ajitafutie yake." Yatupasa kujiuliza kama jibu hilo ni la haki. Je, mbegu iliyohifadhiwa ni mali ya mtu kabisa, kama shati alilolinunua dukani, au ni amana?

Hatukatai kwamba mkulima ana haki juu ya jasho lake. Alichagua boga lililokomaa vema, akaziosha mbegu, akazianika kivulini, akazichanganya na majivu na kuzitia kibuyuni. Hakuna awezaye kumdai ajinyime mbegu ya shamba lake mwenyewe. Lakini na tulitazame boga lile lilivyopatikana.

Maharage kwa kawaida hujichavusha yenyewe, na mahindi huchavushwa na upepo. Boga halina njia hizo. Maua yake ya kiume ni mbali na ya kike. Hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri yamekwisha kunyauka. Katika saa hizo chache lazima mdudu aichukue chavua kutoka ua hili hata lile, la sivyo tunda huanguka lingali changa. Nyuki huyo hajui mpaka. Pengine chavua aliyoileta ilitoka shambani kwa jirani, naye pengine alilala katika mzinga wa mtu wa tatu. Basi asemaye, "Mbegu hii ni yangu peke yangu," asema neno ambalo boga lenyewe lamkanusha. Na mbegu ya kwanza kabisa aliipata wapi, kama si kwa mama au shangazi aliyempa bila kumwandikia deni?

Kwa hiyo twaona kwamba mwenye kibuyu ni mtunzaji kuliko kuwa mmiliki. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya mbegu huoza. Ikikaa miaka mingi bila kupandwa, uhai wake hutoweka. Tena mbegu iliyo katika nyumba moja tu yaweza kupotea yote kwa moto au kwa njaa ya mwaka mmoja. Iliyo katika nyumba kumi, mwenyewe akipotelewa, atajua pa kwenda kuomba.

Wako wanaopinga wakisema kwamba mbegu za kupeana huleta magonjwa. Neno lao si la kupuuzwa. Ule ugonjwa wa virusi unaokausha mahindi, ulioonekana Bomet, Kenya, mwaka 2011, waweza kusafiri ndani ya mbegu. Kumpa jirani mbegu ya mmea mgonjwa si ukarimu. Ndiyo maana twavisifu vikundi vya wakulima nchini mwetu vinavyozalisha mbegu za kuazimiwa ubora chini ya ukaguzi. Lakini uangalifu ni jambo moja, na kumtisha maskini ni jambo jingine. Huko Kenya sheria ilitishia kifungo na faini kwa waliouza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Hata hivyo mahakama yaweza kumwondolea mtu hofu tu. Haiwezi kumfumbua mkono. Hiyo ni kazi ya dhamiri.

Dhamiri hiyo haina budi kuwafikia nyuki pia. Ripoti ya wataalamu wa mataifa iliyotolewa mwaka 2016 ilieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula hutegemea, kwa kiasi fulani, wanyama na wadudu wachavushaji. Basi apigaye dawa saa tatu asubuhi, maua yakiwa wazi, hawaui wadudu wake tu. Huyapunguza maboga ya mjane wa ng'ambo ya kijito, ambaye hakuulizwa. Mchuma janga hula na wa kwao.

Tufanye nini? Tusiyapige dawa mazao yaliyochanua; na ikiwa hapana budi, tungoje jioni, nyuki wakiisha kurudi. Tuache ukingo wa shamba wenye maua, wala tusichome kila kichaka, maana wako nyuki waishio ardhini na katika miti mikavu. Tuchague mbegu katika mimea yenye afya tu. Na jirani abishapo hodi mvua zikikaribia, tumpimie kwa mkono mweupe, tukimwomba jambo moja: mwakani naye ampe mwingine.