Nia Njema Si Ruhusa

Mwaka 1968, katika andiko lake la "Uhuru na Maendeleo", Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alieleza kwamba mtu haendelezwi na mwingine, bali hujiendeleza mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, alipofafanua ujamaa vijijini, alikuwa ameonya kwamba wakulima wasilazimishwe kuingia katika vijiji hivyo. Novemba 1973 mtu huyo huyo alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena ila ni amri, na kwamba itekelezwe kabla ya mwisho wa 1976. Operesheni ya kuwahamisha watu ikaingia mkoani Mara, nyumbani kwake, kama ilivyoingia mikoa mingine. Watu wakatenganishwa na mashamba, mazizi na makaburi ya wazee wao, na katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili mwenyewe asirudi. Jepesi la kusema ni kwamba madaraka humlevya kila mtu, lakini jibu hilo halinitoshi. Nyerere hakujilimbikizia mali, na alichokitafuta kilikuwa shule, zahanati na maji karibu na watu waliotawanyika. Ikiwa mtu mwenye nia ile, tena aliyekwisha kuandika hoja bora dhidi ya shuruti, aliishia kwenye shuruti, basi chanzo cha serikali kuvuka mipaka yake hakiko kwenye nia. Tukitafute kwingine.

Tuangalie kilichotokea katikati ya andiko na amri. Septemba 1969 uongozi wa TANU, chama tawala, ulikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, yaani wakulima walioanza kuishi kijamaa kwa hiari yao huko Litowa na vijiji jirani, bila kusubiri kuagizwa. Mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri zilizochaguliwa zilifutwa na kazi zake zikachukuliwa na maofisa waliotumwa kutoka juu. Amri ya kuhamia vijijini ilikuja mwaka uliofuata. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na mkulima wa pamba wa Bunda akabaki na mamlaka ya serikali kama mnunuzi wa zao lake. Mpangilio huo wa miaka ndio ushahidi wangu mkubwa. Kabla serikali haijamgusa mwananchi kwa nguvu, ilianza kuviondoa vyombo ambavyo vingeweza kuiambia hapana, na baadaye ikakimaliza kilichobaki. Nyerere mwenyewe alikiri hilo mwaka 1984, akiwa bado Rais: alisema kwamba kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala kuvunja ushirika. Kiongozi anayesema hivyo akiwa madarakani anastahili heshima. Ila ungamo lake halikumrudishia mtu boma lake, na ndiyo maana swali hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya viongozi peke yake.

Hoja yangu basi ni hii: serikali huvuka mipaka pale anayeamua hawajibiki kwa yeyote miongoni mwa watakaoumia. Ukubwa wa serikali, au wingi wa sheria zake, si kipimo cha kutosha. Wala umbali si kipimo, ingawa wengi huamini kwamba serikali iliyo karibu humwonea mtu kidogo kuliko ile ya Dodoma. Ukaribu wa kweli ni wa uwajibikaji. Diwani wa Musoma huchaguliwa na wakazi, lakini mkurugenzi anayeshika fedha na watumishi wa halmashauri huteuliwa na Rais, na mkuu wa wilaya vilevile. Ibara ya 146 ya Katiba inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ngazi mbili, serikali kuu na serikali za mitaa, zilikusudiwa zimkinge mwananchi, moja dhidi ya nyingine. Zote mbili zinapomtazama aliye juu, huwa mikono miwili ya mwili mmoja: mmoja humshika mtu, mwingine humpekua mfukoni.

Kodi ya majengo inaonyesha jambo hili vizuri. Ilikuwa chanzo cha mapato cha halmashauri, kisha kuanzia 2016 ukusanyaji ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme. Kwa mkusanyaji ni njia rahisi mno. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Musoma sasa humlipia mwenye nyumba kodi yake, asipoweza kumshawishi amrudishie. Zaidi ya hapo, uzi uliounganisha malipo na swali umekatika. Zamani mlipaji angeweza kwenda kwa diwani wake na kuuliza mtaro wa mtaa uko wapi. Leo akiuliza, diwani atamjibu kwa haki kabisa kwamba fedha hiyo hakuikusanya yeye. Halmashauri nayo si malaika. Ushuru wa mazao hutozwa kwa kilichouzwa, si kwa faida, kwa hiyo mkulima aliyepata hasara hubebeshwa mzigo sawa na aliyepata neema. Ulipopunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, uamuzi ulitoka Dodoma. Mara hiyo aliye mbali ndiye aliyemhurumia mkulima. Sina haja ya kuficha jambo hilo, kwani linathibitisha kwamba ukaribu wa ramani hautoshi.

Watetezi wa mkono mzito wana hoja inayostahili kujibiwa kwa uzito. Wanasema nchi maskini haiwezi kumsubiri kila mtu akubali. Ziwa Victoria ni la wote; mvuvi anayetumia kokoro huvua na samaki wachanga, na hasara humfikia kila aliye mwaloni Mwigobero, Musoma. Nakubali kabisa, ziwa bila sheria litakwisha. Lakini sheria na operesheni ni vitu viwili tofauti kwa asili. Sheria humjua mtu kwa alichotenda: humshtaki, humsikiliza, ndipo humhukumu. Operesheni humjua mtu kwa mahali alipo, na kosa lake hudhaniwa kwa kuwa amekutwa pale. Katika Operesheni Sangara ya 2018 dhidi ya uvuvi haramu, nyavu ziliteketezwa na faini nzito zikatozwa papo hapo. Hata kama nyavu nyingi zilikuwa haramu kweli, mvuvi ambaye wavu wake ulikuwa halali alipaswa kuwa na mahali pa kulisema hilo kabla ya moto, maana rufaa haiurudishi wavu uliokwisha kuwa majivu. Hali ni hiyo hiyo kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, inayompa mkuu wa mkoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Iliwekwa kwa ajili ya kuzuia hatari kwa amani, na imetumika kuwaadhibu watumishi kwenye mikutano ya hadhara, hadi viongozi wa serikali wenyewe wakawaonya wateule hao.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na mtu wa Mara halikwepi. Jamii nayo huonea. Msichana anayetoroka ukeketaji na kukimbilia nyumba salama ya Butiama anakimbia ukoo wake, na kinachomkinga ni sheria iliyotungwa mbali, ile ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Je, tumwambie kwamba serikali isiingilie? Hapana, na kanuni yangu haimtaki aambiwe hivyo. Atakayeumia ni yeye, na yeye ndiye aliyeomba mkono wa dola. Serikali inayozuia nguvu ya mtu juu ya mwili wa mwingine inafanya kazi yake ya kwanza. Anayesimamia haki za wananchi dhidi ya serikali huku akinyamazia kisu cha ngariba hatetei uhuru, anatetea wenye nguvu wa kijijini.

Kwa kipimo hicho hicho tuitazame Nyatwali, kata ya Bunda iliyo kando ya Ghuba ya Speke, ambako serikali iliamua wakazi wahame ili eneo liungane na Hifadhi ya Serengeti na wanyama wafike ziwani. Huenda uamuzi wenyewe una manufaa. Tembo wameharibu mashamba ya watu wa huko kwa miaka mingi, na wapo waliotaka kuondoka. Lakini kama kuhama ni heri kwao, ridhaa yao isingekuwa ngumu kupata, na fidia isingekuwa ugomvi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mtu aliyeambiwa atahama hapandi miti wala haezeki upya, kwa hiyo kila mwezi wa kusubiri ni mwezi wa maisha yake uliochukuliwa bila kuandikwa kwenye hesabu ya mthamini.

Tena kuna kifungu ambacho wananchi wachache huambiwa habari zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 4, inahusu ardhi ya kijiji inayotakiwa kwa manufaa ya umma. Ikiwa ni chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, na kijiji hubaki na maoni tu. Watu wana kura panapochukuliwa kidogo, na hawana panapochukuliwa kijiji kizima. Bunge linaweza kukirekebisha kifungu hicho kwa muswada mfupi sana. Mbunge atakayekuja kuomba kura Musoma, Bunda au Butiama aulizwe mbele ya watu kama atauwasilisha, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.