Asiyekuwepo Dukani

Aristotle, katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako, anatenganisha watu wawili ambao sisi kwa haraka tungewapa jina moja. Yupo mtu mwenye kiasi, ambaye hata hatamani kile asichopaswa kukitamani. Na yupo anayejizuia: anatamani, tena sana, ila anaishinda tamaa yake. Kwa Aristotle yule wa kwanza ndiye bora. Wa pili anasifiwa, lakini kwa masikio yangu ni sifa anayopewa mgonjwa aliyeweza kutotapika mbele ya wageni.

Mimi ni wa pili, sina ubishi. Kinachonisumbua ni kwamba Aristotle hapo anazungumzia tamaa mbaya, na nyingi za tamaa zetu za kila siku wala si mbaya. Runinga ya inchi 55 ina dhambi gani?

Februari nilikwenda Kariakoo kutafuta waya wa umeme, na kwenye simu nilikuwa na shilingi 1,300,000. Hela hiyo ilikuwa ya dirisha na lipu ya chumba cha mama, kule Chanika. Mnaojenga mnanielewa: nyumba zetu nyingi huku Dar haziishi, zinahamiwa. Unapaua, unatia mlango wa mbele, unaingia na godoro lako, mengine yatafuata. Chumba cha mama ndiyo hayo mengine. Kuta ni tofali tupu, vumbi lake halifagiliki likaisha, na tundu la dirisha limezibwa kwa mbao na turubai. Masika huanza Machi. Mvua ikija na upepo, turubai linapigapiga usiku kucha na maji yanafika hadi kitandani. Na mama ana pumu.

Sasa runinga yenyewe ilikuwa imewashwa pale mlangoni mwa duka, mpira unachezwa, nyasi za kijani kuliko nyasi za Mungu. Bei: 1,150,000. Kijana wa duka akaniambia, "Bosi, imebaki hii moja. Ukirudi kesho hukuti." Akaniwekea rimoti mkononi. Nikaishika, jamani, kama vile tayari ni yangu.

Hebu tazama mambo yalivyopangwa hapo. Kinachouzwa kipo, kinawaka, kina sauti, na kina kijana mcheshi wa kukisemea. Tundu la dirisha halina msemaji. Liko Chanika, safari ya daladala mbili na foleni, limenyamaza. Mizani imeshainama kabla hujaanza kupima chochote. Ndiyo maana siamini sana habari za roho ngumu na nidhamu ya chuma. Mtu anayesimama katikati ya taa zile akitegemea nguvu za moyo wake peke yake anapigana na watu waliolipwa kumshinda.

Nilichofanya ni kumpigia fundi wa aluminiamu, rimoti bado iko mkononi, nikamuuliza advansi anataka ngapi. Akataja, nikatuma palepale. Nikamrudishia kijana rimoti yake. Kusema niliishinda tamaa ni kujipamba. Tamaa ilikuwepo vilevile, hela ndiyo iliyoondoka. Wazee wetu wa ujenzi wanalijua hili bila kusoma Wagiriki. Mshahara ukiingia, mtu anakimbia kununua nondo kumi au tripu ya mchanga ikamwagwe kiwanjani, hata kama fundi hayupo mpaka Desemba. Hela ikishakuwa nondo huwezi kuinywa. (Saruji ni habari nyingine, ukiikalisha miezi inaganda kwenye mfuko.)

Denis Diderot, Mfaransa, aliandika mwaka 1769 insha ya kulilia joho lake kuukuu la nyumbani. Alikuwa amepata jipya, jekundu la kifahari, na ghafla kila kitu chumbani kikaonekana kibaya mbele yake. Kiti cha majani kikaondoka, kikaja cha ngozi, na vingine vikafuata. Runinga ile ingedai meza yake, king'amuzi, kisha makochi. Lakini tuwe wakweli, hata dirisha linadai. Litataka grili, litataka pazia, na ukuta uliopigwa lipu unautia aibu ule ambao haujapigwa. Kwa hiyo hoja ya Diderot hainipi ushindi, inakata pande zote mbili.

Rafiki yangu mmoja alinipinga vikali. Maskini, alisema, ndiye anayehubiriwa kusubiri maisha yake yote, mpaka anazikwa kwenye nyumba nzuri ambayo hakuwahi kucheka ndani yake. Si unajua, Kiswahili kinasema akiba haiozi, na kwa kinywa hichohicho kinasema ponda mali, kufa kwaja. Lugha imekuachia uamue mwenyewe. Nilimjibu kwamba kungoja kwangu kulikuwa na mtu ndani yake. Sikuwa ninajinyima kwa ajili ya mimi wa miaka ishirini ijayo, ambaye simfahamu. Yupo mtu analala chini ya turubai leo.

Hoja hiyo niliiona imekaa vizuri, mpaka nilipomsimulia mama. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Mimi ningechukua hiyo runinga, mwanangu. Mvua itakwisha. Nyie mkiwa hamjarudi jioni, hapa nakaa na nani?"

Sijapata la kumjibu. Bado naona pumu haijadiliani na mtu, na ningeituma ile hela tena. Ila uwakili ule wa kumsemea pale dukani, nani alinipa? Asiyekuwepo naye ana tamaa zake, na mimi nilikwenda na shida zake tu.

Lipu imepigwa, tunaimwagia maji asubuhi na jioni isipasuke. Mama ameshachagua ukuta ambao runinga itakaa.