Mahali pa Faragha Wakati wa Maradhi



Liko swali ambalo wengi wetu walijiuliza moyoni katika miaka ile ya ugonjwa wa Korona, wala hawakulileta mbele ya wazee wa kanisa, kwa kuwa waliona haya. Swali ni hili: Maradhi ya kuambukiza yakiingia mjini, je, ni halali kwa Mkristo kuondoka penye watu wengi na kwenda kukaa penye watu wachache, shambani, ziwani, porini, au katika mji mdogo wa kwao? Safari hiyo ni busara, au ni woga? Au pengine ni jambo baya kuliko woga, yaani kumpelekea jirani mauti mpaka mlangoni pake?

Mtu asiseme kwamba swali hili limekwisha pamoja na ugonjwa. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 ya kuwa hali ya dharura imekoma. Lakini mwaka ule ule wa 2023, na tena mwaka 2025, ugonjwa wa Marburg ulionekana katika Mkoa wa Kagera. Maradhi hayatuulizi kama tumekwisha kujitayarisha. Basi yafaa tulifikiri jambo hili sasa, wakati mioyo imetulia, kuliko kulifikiri siku ya hofu.

Na tukumbuke jinsi ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku ya pili yake serikali iliamuru shule zifungwe, na watoto wakarudi makwao. Baadaye ilitolewa hesabu ya watu 509 walioonekana na ugonjwa, na 21 waliofariki; baada ya hapo hesabu haikutolewa tena kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Katika nchi za jirani zilikuwako amri kali. Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi tangu tarehe 6 Aprili, na Rwanda iliwaamuru watu wakae majumbani. Kwetu nyumba za ibada hazikufungwa, wala mtu hakuzuiwa kusafiri kutoka mkoa hata mkoa. Basi neno lililokuwa la amri kwa wengine, kwetu lilikuwa neno la dhamiri. Na dhamiri, ndugu zangu, ni hakimu anayehitaji kufundishwa.

Tuweke mfano. Karani mmoja akaa Dar es Salaam, katika nyumba yenye wapangaji wengi, na kila asubuhi apanda basi lililojaa. Kwao ni Kapalamsenga, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, nchi ya wakulima na wachimbaji wa shaba, upande wa kwenda Karema na Ziwa Tanganyika. Mama yake yuko huko, naye ni mzee. Karani akumbuka upepo wa kwao, na nyumba zilizoachana, na njia ambayo mtu huifuata muda mrefu asikutane na mtu ila wachunga ng'ombe. Moyo wake wamwambia, "Ondoka, uende kwenu, ukapone." Je, moyo huo wamwambia kweli?

Jibu la kwanza ni kwamba kuondoka penye hatari si dhambi. Bwana wetu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake waende kando, mahali pasipo na watu, wapate kupumzika. Twasoma hayo katika Marko sura ya 6. Na Baba yetu Martin Luther alilijibu swali hili waziwazi. Mwaka 1527 tauni iliingia mji wa Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, na Luther alitakiwa kuondoka pamoja nacho. Yeye alikaa, na Mchungaji Johannes Bugenhagen alikaa pia, ingawa Katharina, mkewe Luther, alikuwa mja mzito wakati ule. Wachungaji wa mji wa Breslau, na mkubwa wao Johann Hess, walikuwa wamemwuliza kama ni halali Mkristo kuikimbia mauti. Naye, aliyekuwa amekaa penye tauni, aliwajibu kwa waraka uliopigwa chapa mwaka ule ule. Hakuwalaumu waliokimbia. Alifundisha kwamba Mungu ndiye aliyetia ndani ya mwanadamu tamaa ya kuilinda roho yake, na kwamba mtu aweza kwenda zake kwa dhamiri safi, mradi asimwache jirani aliye chini ya ulinzi wake. Aliwakemea wanaodharau dawa wakisema wanamtegemea Mungu tu. Hao aliwahesabu kuwa wanamjaribu Mungu. Na zaidi ya wote alimkemea mtu ajijuaye kuwa mgonjwa, naye akaingia kati ya watu akiuficha ugonjwa wake.

Lakini tuangalie neno moja. Luther aliulizwa habari za mji unaokimbiwa. Hakuulizwa habari za kijiji kinachokimbiliwa. Na hapo ndipo lilipo swali letu sisi watu wa mashamba na wa miji midogo.

Mtu wa mjini asemapo, "Nakwenda mahali pasipo na watu," maana yake ni kwamba hapana watu wa kumwambukiza yeye. Lakini Kapalamsenga pana watu. Wazee wapo, na watoto, na wajawazito. Hawakujihesabu kuwa ni mahali pa mapumziko ya mtu. Pale ni kwao. Na penye watu wachache, mganga naye huwa mbali. Upana wa nchi unaomfurahisha msafiri ndio urefu wa njia ya mgonjwa usiku, wakati wa masika, atafutapo gari la kumfikisha hospitali ya Mpanda. Faraja ya mmoja ni taabu ya mwingine, ijapokuwa nchi ni ile ile.

Wala haya si mambo ya kuwaza tu, maana nchi yetu imekwisha kuyaona. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana Unguja na bara. Tabibu Mwingereza James Christie, aliyekaa Unguja siku zile, alitoa kitabu mwaka 1876, akaonyesha kwamba ugonjwa ule ulifuata njia za misafara. Funza naye hakuwako kwetu zamani. Alivuka bahari kutoka Brazil mpaka Angola mwaka 1872 ndani ya meli, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha kuvuka bara zima, akichukuliwa katika miguu ya wasafiri na wapagazi, mpaka pwani yetu. Hata homa kuu ya mwaka 1918 ilikuja kwa meli na kwa reli, ikaingia vijijini pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao baada ya vita. Hao hawakutaka kudhuru mtu. Walikuwa na furaha ya kuwaona mama zao. Basi twaona kwamba upendo usio na maarifa waweza kuua sawasawa na chuki.

Tena ugonjwa wa Korona ulikuwa na hila yake. Mtu aliweza kuambukiza wengine siku mbili kabla hajaona dalili yo yote mwilini mwake. Kwa hiyo halikuwa jibu la kutosha kusema, "Mimi ni mzima." Na njia yenyewe ilikuwa hatari. Karani wetu apanda gari la moshi Dar es Salaam, apita Tabora na Kaliua mpaka Mpanda, amebanana na wenziwe mchana na usiku. Kisha apanda basi la kwenda kwao. Ili afike penye watu wachache, imempasa kupita katikati ya wengi, na pumzi za wote hao azichukua mpaka uani kwa mama yake.

Wala tusidhani kwamba kukaa faragha ni dawa ya kila ugonjwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika waliokuwa wametawanyika porini, ikawakusanya katika vijiji vikubwa, kwa sababu ya malale. Huko upweke ndio uliokuwa hatari, maana mbung'o hukaa porini. Kila ugonjwa una njia yake, na mwenye hekima huuliza kwanza njia hiyo ndiyo ipi.

Wako na watu ambao kwao swali hili halina mlango wa kutokea. Mchungaji, mwinjilisti, mwalimu wa kanisa, muuguzi, na kila aliyekabidhiwa roho au miili ya watu, hawezi kwenda zake ila awe amemwacha mwingine mahali pake. Hili Luther alilisema kwa nguvu. Na karibu na Kapalamsenga pana mfano, ingawa si wa kanisa letu. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi iitwayo sasa Mali, akaibwa utotoni akauzwa kuwa mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa katekista na tabibu pale, wala hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1956. Yapata miaka 67 aliwatibu watu wa pwani ile ya ziwa, katika maradhi ya kila namna. Karema kwake hapakuwa mahali pa kupumzikia. Palikuwa mahali pa kukaa.

Tena wako wasioweza kuondoka hata wakitaka: mama lishe, mpagazi wa sokoni, mchimbaji shimoni, mwenye kula leo alichopata leo. Kuchagua mahali pa faragha ni fungu la mwenye nauli na akiba. Mwenye fungu hilo asijivune kana kwamba amepona kwa hekima yake, wala asimhukumu aliyebaki katika msongamano. Tena nafasi aliyoiacha mjini yamfaa aliyebaki, maana palipokaa watu kumi sasa wakaa tisa. Kuondoka kwake kwaweza kuwa sadaka kama akiondoka kwa utaratibu.

Utaratibu ndio upi? Nadhani msafiri ajiulize maneno manne. La kwanza: Je, yuko mtu ninayemwacha bila msaada? Kama yuko, nikae. La pili: Je, niendako nitakutana na nani, na akiugua atatibiwa wapi? La tatu: Je, naweza kukaa mbali na watu siku za kutosha? Kwa Korona walitaja siku 14. La nne: Je, wenyeji wamekubali nije, nami nimewaambia kweli juu ya nilikotoka? Mwenye kujibu haya kwa uaminifu, na aende kwa amani. Na kama ataka hewa tu na kupumzisha macho, wala hana haja ya kuingia nyumba ya mtu, ziko njia zisizo na hatari kubwa. Katika mkoa huo huo iko Hifadhi ya Katavi, iliyowekwa mwaka 1974, kilometa za mraba 4,471 za mbuga na miombo, ambayo wageni wake ni wachache sana. Mwenye kutembea huko penye upepo, akala chakula alichokichukua mwenyewe, akarudi pasipo kusongamana na mtu, hamdhuru mtu, naye huzitazama kazi za Mungu.

Sasa turudi kwa karani. Pengine neno gumu kuliko yote ni hili: huenda kumheshimu mama yake kulikuwa kutokwenda. Tumezoea kwamba mtoto mwema ni yule afikaye; asiyefika amemsahau mzazi. Lakini wakati wa maradhi mtoto mwema aweza kuwa yule aliyepeleka fedha ya unga na ya dawa, akatuma salamu, akabaki katika chumba chake chembamba cha mjini, akalia peke yake. Na kama ilimpasa kwenda, kwa kuwa mama hana mwingine, basi alale nyumba ya kando, amwamkie mama kutoka uani, asimpe mkono wala asile naye sinia moja, mpaka siku zimetimia. Majirani watasema ana kiburi cha mjini. Na waseme. Bwana aujua moyo wake, na mama ataujua baadaye.

Katika sura ile ya 6 ya Marko, Yesu na wanafunzi walipofika mahali pa faragha waliwakuta watu wamekwisha kutangulia. Naye hakukasirika kwamba faragha yake imeharibika, bali aliwahurumia. Basi ye yote atakayekwenda mahali penye watu wachache siku ya tauni, na awahesabu kwanza wale wachache, na aende au akae kwa ajili yao.

Bwana atulinde tunaposafiri na tunapokaa. Amina.