Andalusi: Tujivunie au Tujifunze?

Waislamu wenye uwezo wa kusafiri hupenda kufika kusini mwa Hispania. Huko wataona Cordoba na msikiti ulioanzishwa na Abdur-Rahman wa Kwanza katika karne ya 8. Wataona pia Granada na kasri la Alhambra. Wakirudi husema: "Tazameni tulivyokuwa!" Je, ni haki kujivunia tusichokijenga sisi?

Wapo wanaosema ni haki, kwani vijana wetu wamesomeshwa kana kwamba elimu yote ilianzia Ulaya. Hoja hiyo ina uzito. Ibn Rushd alizaliwa Cordoba mwaka 1126, na vitabu vyake vikasomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya. Kijana ana haki ya kuyajua hayo.

Lakini ndugu msomaji, historia si nyama ya buchani kwamba utachagua mnofu na kuacha mfupa. Kuta za Alhambra zimejaa maneno "Wa la ghaliba illa Llah", hakuna mshindi ila Allah. Wageni huyasoma wakatokwa na machozi. Wachache huuliza mwanzilishi wa ufalme ule, Muhammad ibn al-Ahmar, alifanya nini. Mwaka 1246 aliukabidhi mji wa Jaén kwa Mfalme Ferdinand wa Tatu, akawa chini yake. Kisha alipeleka askari kumsaidia kuuzingira mji wa Seville, mji wa Waislamu, ukaanguka mwaka 1248.

Hili haliwasafishi waliodhulumu. Mkataba wa kuisalimisha Granada wa mwaka 1491 uliwaahidi Waislamu dini yao. Kufikia 1502 walitakiwa kuchagua ubatizo au kuhama, na kuanzia 1609 wazao wao wakafukuzwa. Dhulma ni dhulma.

Hata hivyo, anayesema "tulijenga" hana budi kusema pia "tulisalitiana". Akikataa la pili, la kwanza nalo si lake. Na akiyakubali yote mawili, kujivunia kwake kutageuka kuwa mazingatio.

Kesho Akhera hatutaulizwa habari za Alhambra. Tutaulizwa tuliyoyachuma sisi: madrasa zetu zisizo na vitabu, na kamati zetu za misikiti zinazogombana hadi kuitana polisi. Mwenye kwenda Andalusi na aende, lakini akirudi asituletee picha tu. Atuletee na somo.