Wimbo wa Ugenini na Dhamiri ya Nyumbani

Wahenga walisema, Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii ni njema, lakini yataka kufahamiwa sawasawa. Maana wako waliokwisha kuifanya fimbo ya kumpigia jirani.

Sisi tuliokuwa vijana wilayani Kilosa katika miaka ya 1970 twakumbuka jinsi nyimbo zilivyotugawa. Kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba watu wa makabila mengi walicheza ngoma zao siku za mapumziko. Mjini Kilosa, na Mikumi pia, ambako reli ya Kidatu na barabara kuu ya Iringa zilileta wageni kila siku, redio zilitupigia Morogoro Jazz. Mwenye gramafoni naye aliweka santuri za Beatles na Rolling Stones, akawakusanya vijana wenye suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Wazee wengine walisema ya kwamba nyimbo hizo za Kiingereza ni ukoloni uliorudi umevaa nguo mpya. Baadhi ya Wakristu nao waliona haya kwa ngoma za Wasagara na Wavidunda, wakaziita za kishenzi. Kijana akahukumiwa huku na huku.

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi waliosoma walizijua dansi za kigeni kuliko gombe sugu au lelemama. Maneno hayo yalikuwa ya haki. Na katika hotuba hiyohiyo alikataa wazo la kwamba taifa lisijifunze kwa wageni. Matunda yalionekana. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na wenzake wa Morogoro Jazz walikwenda kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Osaka, Japani.

Lakini jambo jema likikosa upendo huharibika. Mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza vita juu ya nguo fupi na suruali za kubana, wasichana walishambuliwa njiani Dar es Salaam, wengine wakachaniwa nguo zao. Mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku katika mji huohuo. Twauliza: ni mila gani ya Kiafrika imfundishayo kijana kumvunjia heshima binti wa mtu hadharani?

Kanisa nalo lilikuwa na lake la kujifunza. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, mtungaji wa Misa Baba Yetu, alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Nchini Kongo watoto wa Kamina walikuwa wameimba Misa Luba kwa ngoma, na Waingereza wakaipenda hata Sanctus yake ikasikika katika filamu yao ya mwaka 1968. Tena Freddie Mercury wa Queen, aliyeshangiliwa na Waingereza katika miaka ya 1970, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Basi, wimbo upi ni wa ugenini, na upi ni wa nyumbani?

Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote, wakishike kilicho chema. Hakuwaambia waulize kwanza kilitoka wapi. Wimbo hupimwa kwa matunda yake. Je, wamfanya kijana amheshimu mama yake na dada yake? Je, wampa furaha isiyomwachia aibu kesho yake? Wimbo wa Kiluguru waweza kushindwa mtihani huo, na wimbo wa London waweza kuushinda. Na kinyume chake vilevile.

Enyi wazazi Wakristu, tangu sheria ya mwaka 1993 ilipowaruhusu watu binafsi kuwa na redio, marufuku haiwezi tena kuwalelea watoto wenu. Siku hizi mtoto wa Mikumi ana nyimbo za dunia nzima katika simu yake. Msimpokonye simu kwa matusi, wala msimwachie kama yatima. Keteni naye, msikilize anachosikiliza, mwulizeni maneno yake yana maana gani, kisha mwimbieni nanyi nyimbo mlizofundishwa na babu zenu. Mtoto asiyejua wimbo hata mmoja wa kwao hana kipimo cha kupimia wimbo wa mwenzake; na mtoto aliyefundishwa kuchukia wimbo wa mwenzake, kesho atamchukia mwenzake mwenyewe.

Mungu, aliyetupa masikio kabla hatujajua kusema, atujalie kusikiliza kwa hekima na kuhukumu kwa upendo.