Mbio za Sadaka na Maradhi ya Kusahau

Katika mji wa London, tangu mwaka 1981, hufanywa kila mwaka mbio ndefu za kilomita 42 na mita 195. Wengi katika wakimbiao si mabingwa, wala hawatumai kushinda. Huwaendea jamaa na rafiki zao wakawaambia kuwa wao watajitaabisha kwa masafa hayo, nao wawatolee wagonjwa kwa kadiri ya uwezo wao. Mwaka 2019 jumuiya mbili za Uingereza, Alzheimer's Society na Alzheimer's Research UK, ziliungana katika mbio hizo kukusanya fedha kwa ajili ya maradhi yamsahaulishayo mtu hata wanawe.

Maradhi hayo si uzee mtupu, wala si wazimu, wala si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo. Namna yake iliyoenea zaidi ilielezwa mwaka 1906 na tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, na hata leo haijapatikana dawa ya kuiponya. Wagonjwa wa maradhi haya ya kusahau, kwa namna zake zote, duniani wapita milioni 55.

Hapa mwenye akili huuliza: Jasho la mkimbiaji lamfaa nini mgonjwa? Mwenye fedha, mbona asitoe kwa siri mpaka amwone mwenziwe akihema njiani? Na avishwaye nishani na kupigiwa makofi, je, hiyo si riya?

Jawabu ni kuwa sadaka ya siri ni bora, kwani yamkinga mtoaji na fakhari. Lakini ya dhahiri nayo ina kheri yake, nia ikiwa safi, kwani huwaamsha walioghafilika. Na maradhi haya khasa hufichwa. Mzee huwekwa chumba cha ndani kwa kuonewa haya. Ayatajaye hadharani huwaondolea wengi aibu. Tena aombaye baada ya kujitaabisha si sawa na aombaye ameketi. Taabu yake ni shahidi wa maneno yake.

Hata hivyo, iko taabu kubwa kuliko hiyo. Mkimbiaji aujua mwisho wa njia yake. Mwenye kumwuguza mgonjwa huyu haujui. Mkimbiaji hushangiliwa, huyu humwosha mamake, na mama humwuliza, "Wewe nani?" Hapati shukrani hata kwa yule amtendeaye wema. Kwa hiyo wema wake ndio ulio karibu zaidi na ikhlasi. Na Qur'ani, katika Suratul Israi, ilipoamrisha wema kwa wazazi wafikapo uzeeni, haikushurutisha wawe na fahamu zao.

Katika waliokimbia mwaka 2019 alikuwamo Scott Mitchell, mume wa mwigizaji Barbara Windsor, aliyegunduliwa na maradhi hayo mwaka 2014 akafariki Desemba 2020. Mbio zake zilikuwa za siku moja. Uuguzi wake ulikuwa wa miaka. Wala jambo moja halimwondolei mtu la pili: fedha hutafuta dawa ambayo mikono haiwezi kuipata, na mikono hutenda upole usionunulika kwa fedha.

Basi mwenye shaka kama mbio zake ni ibada au fakhari, na aitazame siku ya pili yake. Miguu ingali yauma, na babake amemwuliza neno lile lile mara ya kumi: je, amjibu kwa upole?