Haki ya Ayala na Ushahidi wa Mti

Mtu akishitakiwa kwa uharibifu hupewa nafasi ya kujibu. Mnyama hana ulimi. Amshitakiye na amhukumuye ni mmoja, naye ni binadamu. Basi nauliza: ayala, yule mnyama wa kaskazini mwenye pembe za matawi, anapotuhumiwa kuharibu msitu wa asili, tupimeje kosa lake tusije tukamdhulumu yeye wala msitu?

Tutazame yaliyotokea katika uwanda wa juu wa Kaibab, Arizona, nchini Marekani. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliufanya hifadhi ya wanyama. Kuwinda ayala kulikatazwa. Puma, adui zao, wakauawa kwa mamia, na mbwamwitu wakatoweshwa. Ayala wakazidi. Kufikia 1924 wapo waliokisia kuwa ni 30,000, na wapo waliosema 100,000. Malisho yakaisha, na majira ya baridi yalipoingia wengi wakafa kwa njaa.

Kisa hicho kilifundishwa kwa miaka mingi, hata mwaka 1970 mtaalamu Graeme Caughley alipozihoji hesabu zake. Yalikuwa makisio ya watu waliotofautiana mno. Tena, kondoo na ng'ombe walikuwa wamepunguzwa pale katika miaka ile ile. Yamkini ayala walizidi kwa kupata malisho yaliyoachwa, si kwa kukosa adui tu.

Ushahidi wa midomo ulipogongana, uliulizwa mti. Kila mwaka mti huongeza duara moja ndani ya shina, na kwa duara hizo umri wake hujulikana. Watafiti waliosoma umri wa miti iitwayo aspeni, wakatoa matokeo yao mwaka 2006, waliona kwamba iliyoota na kuokoka katika miaka ya ayala wengi ilikuwa michache mno.

Hapa pana funzo. Jani lililoliwa si uharibifu, ni riziki. Uharibifu ni pale miti mizee inapokufa bila mche wa kuirithi. Kwa hiyo mpimaji mwadilifu hatosheki kuhesabu wanyama. Huzungushia ua sehemu moja asiingie mnyama yeyote. Ya pili huizuilia mifugo tu. Ya tatu huiacha wazi. Baada ya miaka hulinganisha miche, na kila mlaji huonekana kwa sehemu yake.

Lakini upo ulaji ambao ua hauupimi. Nani aliyemwua puma? Nani aliyeingiza kondoo? Nyani haoni kundule. Sisemi kwamba ayala wasipunguzwe kamwe. Kumwacha afe kwa njaa pamoja na msitu wake si huruma. Nasema kwamba apunguzaye asijidai kuwa hakimu anayeadhibu mkosaji. Analipa deni lake mwenyewe, na kwa bahati mbaya analilipa kwa uhai wa mwingine. Akilijua hilo, atapima kwa uangalifu zaidi kabla ya kuinua bunduki.